Ngazi za Duka la Baba

14 Februari

Kaka,

Nimefika salama, na mpwa wako alinipokea kwa kilio akidhani mimi ni mgeni. Hiyo ndiyo shukrani ya kumwachia baba yake mwishoni mwa wiki. Begi bado sijalifungua. Nakuandikia kwanza kwa sababu moyo umejaa na simu huitaki. Najua, najua, kwenye simu nakukata kauli. Basi hapa nitaropoka peke yangu mpaka nichoke, wewe utasoma ukipumzika na sindano.

Kaka, mtaa wetu! Nilikuja nimejiandaa kwa msiba, maana kila anayerudi kwao anasimulia jinsi palivyobomolewa pakajengwa maghorofa ya vioo. Kumbe wapi! Hiyo Kamati ya Mtaa wa Kale naivulia kofia. Kuanzia kona ya duka la dawa mpaka saa kubwa ya posta, kila kitu kipo. Madirisha ya mbao yamepakwa kijani kilekile, mawe ya barabarani yamesuguliwa yanang'aa, hata kile kichochoro nilichovunjikia jino kipo. Sisi waalikwa tulibandikwa vibandiko kifuani, "Wana wa mtaa waishio mbali", tukatembezwa kama wanafunzi. Nikawa namkatiza mwenye kutuongoza kila hatua mpaka akachoka, akaniambia, "Mama, basi shika wewe hiki kipaza sauti." Nikakishika.

Tulipofika kwetu nikawasimamisha wote. Nikawaonyesha ngazi za dukani, zilivyo ndefu, na mawe yalivyobonyea katikati kwa nyayo za wateja wa baba. Nikawaambia mimi nilijifunzia kusoma pale juu kabisa, kaka yangu akiwa ndani anashona na kunisahihisha bila kuinua macho. Nikalia mbele za watu, sina haya.

Halafu nikaingia. Sasa hapa nikupe za uso, maana kukaa nazo moyoni siwezi. Hukuinuka, Kaka. Miaka yote hiyo hatujaonana, nimepanda mbio, nimefungua mikono, wewe umekaa nyuma ya cherehani na gauni la harusi limekujaa mapajani, unanipa mkono juu ya meza kama karani wa benki. Wifi ndiye aliyenikumbatia. Wifi ndiye aliyeleta chai, na ndiye aliyenisindikiza hadi chini. Wewe hata mlangoni hukufika. Na cherehani ya baba umeitia mota! Ile sauti ya kanyagio niliyokuwa naisikia hata ndotoni umeizima kwa waya wa umeme. Nilikutania kwamba umekuwa mvivu, ukacheka, lakini hukucheka vizuri.

Kama kuna kosa nimekukosea, litaje. Nitaomba radhi hata kabla sijalielewa.

Mdogo wako,
Chiriku


27 Februari

Chiriku,

Barua yako ilikuwa nene hivi kwamba tarishi aliuliza kama umenitumia kitambaa.

Hakuna kosa. Ulinikuta na gauni la bibi harusi mwenye haraka kuliko bwana harusi, ningeinuka lingeburuzika chini na lilikuwa jeupe. Mota ni umri tu. Na wewe ukifika umri wangu utatafuta mota ya kupikia.

Nilifurahi kukuona. Umenenepa, imekupendeza.

Nina ombi. Nataka kuzivunja ngazi za mbele niweke mteremko wa saruji, na mlango nao upanuliwe kidogo. Wateja wangu wengi wamezeeka, kupanda kwao ni kazi. Fundi mwashi nimeshaongea naye. Sasa kamati ina kanuni yake: sura ya mbele ya nyumba haiguswi mpaka warithi wote wakubali kwa maandishi. Warithi wa nyumba hii ni mimi na wewe. Karatasi ya kuweka saini iko ndani ya bahasha hii. Irudishe kabla ya mwisho wa Machi, kwa sababu hapo orodha ya nyumba za kuhifadhiwa inafungwa na mtaa unapewa hati yake ya urithi, na ikishafungwa haifunguliwi.

Usinihoji sana. Si kawaida yangu kukuomba.

Wifi yako anakusalimu. Anasema uliacha mtandio.

Kaka yako


9 Machi

Kaka,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasimama tena. Kuvunja ngazi? Wewe? Angenieleza mtu mwingine ningemwambia anakusingizia.

Hapana, Kaka. Saini sitii. Nakuheshimu kama baba, na wewe ndiye uliyenilea baba alipoondoka, lakini kwa hili niwie radhi. Mtaa mzima umeponea chupuchupu, watu wamehangaika kuulinda, halafu nyumba ya kwanza kumwaga saruji iwe ya kwetu? Watu watatucheka. Mimi mwenyewe nimesimama pale na kipaza sauti, nimelia, nimesema ngazi zile ndizo zilizotulea. Nitauweka wapi uso wangu?

Ungekuwa na sababu ya maana ningefikiri mara mbili. Lakini biashara! Eti wateja wazee. Wateja wazee wawekee kengele pale chini, ikilia shuka ukawapime palepale barabarani, miguu unayo. Baba alikuwa akiwashukia watu, hakuvunja nyumba. Au ndiyo hiyo mota imeshakuzoesha kukaa? Usinune, nakutania. Lakini nusu tu nakutania.

Na kwa kuwa nakujua ukitaka jambo lako unavyoweza kunibembeleza, nimejifungia mlango mapema: nimeiandikia kamati moja kwa moja kwamba mimi kama mrithi sikubali, na nimewaeleza kwa nini. Nimeandika kwa moyo wote. Mwenyekiti amenijibu kwa simu, amenishukuru mpaka nikaona aibu.

Siku moja utanishukuru na wewe.

Mtandio mwambie Wifi abaki nao, rangi ile inamfaa kuliko mimi.

Chiriku wako


21 Machi

Chiriku,

Barua nimeipata. Kamati nao wamenipa nakala ya ile uliyowaandikia. Umeandika vizuri. Tangu mdogo unaandika vizuri.

Basi yameisha, tusiyarudie.

Nimemshonea mpwa wangu kigauni. Nimeacha upindo mpana, akirefuka mshushie.

Kaka yako


30 Mei

Wifi yangu,

Kaka yako hajui kwamba nakuandikia. Akijua tutagombana, na tugombane. Nimenyamaza vya kutosha, mdomo umeanza kunuka.

Kaa chini kwanza.

Kaka yako hana mguu wa kulia. Ulikatwa chini ya goti wakati wewe umelazwa na mimba ya huyu mtoto, daktari amekuambia usiinuke na usishtuliwe. Ilianza na kidonda cha kidole gumba, sukari ikakataa kipone, wakakata kidole, wakakata tena, mwishowe wakakata mguu. Akiwa bado kitandani hospitali alinishika mkono akaniapisha: Chiriku asijue mpaka ajifungue. Ukajifungua, akasema ngoja anyonyeshe kwanza. Ukanyonyesha, akasema ngoja mtoto ashike miguu. Siku zikasogea, na kadiri zilivyosogea ndivyo lilivyozidi kuwa zito kulitamka. Mguu wa bandia walimletea, ukamchubua, kidonda kikatishia kurudi, daktari akaukataza.

Siku uliyokuja nilimpanga nyuma ya cherehani tangu asubuhi kama mtu anayengoja kupigwa picha. Kiti cha magurudumu nilikificha stoo. Lile gauni la harusi halikuwa la bibi harusi yeyote, ni gauni lililokataliwa zamani, tulimfunika nalo. Mota tulitia kwa sababu kanyagio linataka miguu. Ulipotoka akaniambia, "Ameniona mvivu, afadhali." Halafu akalia, Wifi. Sijawahi kumwona akilia, hata mguu ulipoondoka.

Mimi nilimwambia akuandikie ukweli pamoja na ile karatasi ya saini. Akakataa katakata. Akasema, "Simtishi mdogo wangu kwa mguu ili anikubalie. Nimemlea, nikimwomba atanipa tu." Hayo ndiyo maneno yake.

Sasa hapa kutoka ni kubebwa. Kila siku ya kliniki nawaita wachukuzi wawili wa sokoni, mmoja kwapa hili, mwingine kwapa lile, na mimi nyuma na kiti. Wageni wanaokuja kutazama mtaa wanasimama kutazama. Mmoja aliwaomba wachukuzi wangoje kidogo na kaka yako palepale mikononi mwao, eti amalize kupiga picha ngazi. Tangu hapo akasema kama si kliniki hatoki. Zamani jioni alikuwa hakosi uwanjani na wenzake kutukana waamuzi. Siku hizi wenzake wanapiga mluzi barabarani, anawapungia dirishani.

Na kile kibao sijui kama wamekuambia. Pale kona ya duka la dawa kamati imesimamisha ubao mkubwa, na juu yake wameandika maneno yako: "Ngazi hizi ndizo zilizotulea." Chini wameandika, Binti wa mtaa. Kutoka dirishani kwake unasomeka vizuri kabisa.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha siku ya kliniki. Mchukuzi mmoja akateleza kwenye lile jiwe lililobonyea, wakaenda chini wote. Mchukuzi alichubuka tu. Kaka yako amevunjika kifundo cha mkono wa kulia, mkono wa mkasi. Yuko hospitali. Daktari anasema utaunga, ila hajui kama utakaza.

Sikuandikii uje kulia. Nimekuandikia kwa sababu ni haki yako kujua, na kwa sababu nimechoka kukuchukia kwa jambo usilolijua. Sasa unalijua.

Wifi yako


8 Juni

Kaka yangu,

Nimejua. Usimgombeze Wifi, nigombeze mimi.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Kila nikiandika "samahani" naliona neno dogo, kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Nimekuandikia "miguu unayo". Nilikuandikia mimi, kwa mkono huu huu, na nikaona nimesema jambo la kuchekesha. Ukasoma, ukanishonea mwanangu kigauni. Amekivaa leo. Sikuweza kumtazama, nimemvua nikamvalisha kingine na yeye anakililia.

Nimepiga simu kwa kamati siku ileile. Mwenyekiti ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Amesema orodha imefungwa, hati imeshatolewa, na mrithi alikataa kwa maandishi. Nikamwambia mrithi huyo ni mimi, nafuta nilichosema. Akasema, "Mama, barua yako ndiyo iliyotusaidia kuwakatalia na wengine." Na wengine, Kaka! Sijui ni nani hao, sijui milangoni mwao kuna nini. Nikamwomba basi angalau ubao ushushwe. Akaniuliza kwa nini, watu wanaupenda. Nikakata simu.

Usiku na mchana najiuliza swali moja: nilipopanda ngazi mbio siku ile, nilikuwa natazama nini? Nilimwambia kila mtu rangi ya madirisha. Nilihesabu hata mawe. Wewe umekaa mbele yangu uso umekukonda na mimi naulizia kanyagio.

Niambie nifanye nini. Ukisema nije nikubebe mgongoni, nitakuja. Nitukane, sema lolote, ila usininyamazie kwa adabu. Adabu yako inaniua.

Chiriku


19 Julai

Chiriku,

Barua zako zote tatu ziko hapa. Sikukunyamazia kwa adabu, sikuwa na mkono. Hizi herufi ni za mkono wa kushoto, zisome kama unavyosoma za mtoto, ndiyo malipo ya kukusahihisha wewe.

Tumehama. Tumepanga chumba na duka dogo nyuma ya stendi, mahali pabaya, moshi na honi kutwa, ukuta mmoja umepasuka. Lakini mlango uko sawa na barabara. Siku ya kwanza nilitoka na kiti changu mwenyewe, nikarudi, nikatoka, nikarudi, nikatoka tena. Wifi yako akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia naenda zangu tu. Nikaenda mpaka kwa muuza magazeti nikanunua gazeti ambalo silitaki. Tangu nikatwe mguu sijawahi kuwa na siku nzuri kama ile.

Umesema nikutukane. Nitakuambia linaloniuma, halafu basi. Ngazi hazikuniuma. Ulikuwa hujui, na aliyekuficha ni mimi, hilo ni langu, nalibeba. Hata "miguu unayo" nilicheka, Wifi yako ndiye hakucheka. Kilichoniuma ni kwamba nilikuomba na hukuuliza kwa nini. Mimi nilikuambia usinihoji, lakini wewe ni Chiriku, umenihoji maisha yako yote, umenihoji hadi kwa nini nyuzi zina rangi. Mara hii moja ukatii. Uliuliza mtaa utasema nini. Hukuuliza kaka yako ana nini.

Basi, nimelitoa. Usilitafune.

Nyumba nimeifunga, na ufunguo huu hapa nimekuwekea ndani ya bahasha. Sikukomoi, ila mimi sitaihitaji na wewe uliitaka ibaki ilivyo. Imebaki.

Mkono unafunguka polepole. Mkasi bado, chaki naishika.

Kaka yako


11 Agosti, saa tatu asubuhi

Kaka,

Nimekuja. Niko mjini. Niko dukani kwa baba, nimekaa sakafuni kwa sababu viti mmechukua, na naandika juu ya goti nikiegemea ile meza ya kukatia mliyoshindwa kuipitisha mlangoni.

Nilikuja na basi la alfajiri, nikashuka stendi. Kaka, nilishuka hatua chache kutoka kwako. Nimeliona duka. Nimeiona ile cherehani, nimemwona Wifi anafagia na mtandio wangu kichwani. Wewe ulikuwa umenipa mgongo, unamfundisha mtu kushika pasi, na unamgombeza. Nikashindwa kuvuka barabara. Miguu ilikataa, na hapo nikajiona mshenzi zaidi, maana mimi nalalamikia miguu. Nikageuza, nikachukua njia ya huku.

Mtaa ni mzuri mpaka unaudhi. Wanapita watu wanaunyooshea vidole. Muda si mrefu wageni walichungulia hapa mlangoni wakanikuta nimekaa chini na uso umevimba. Mwenye kuwaongoza akawaambia kwa sauti ya chini, "Hii ndiyo nyumba ya yule mama wa maneno ya kwenye ubao." Akaniuliza kama mwenye nyumba ninamjua. Nikasema hapana.

Nimezunguka vyumba vyote. Ukutani karibu na dirisha kuna alama nyeusi ya kiti chako kilipokuwa kikigusa. Dirisha lile naliogopa, lakini nimekaa hapo, nimesoma ubao. Ni kweli, unasomeka vizuri kabisa. Nimejilazimisha kuusoma mpaka wageni wote walipopita.

Nilipanga nikuletee maneno, sina. Sitaki uniambie yameisha, kwa sababu hayajaisha, mkono wako haujashika mkasi na nyumba hii haina mtu. Ningekuomba unisamehe ningekuwa nakuomba kazi nyingine tena. Basi nimekuja, nimekuona kwa mbali uko mzima na unagombeza watu, imenitosha. Basi la mchana linaondoka saa sita, nitapanda nalo. Barua hii nampa muuza chai wa hapa chini, anasema anakwenda stendi na chupa zake. Ukiisoma nitakuwa njiani.

Nisamehe na hili pia, la kuja nisifike.

Chiriku


11 Agosti

Chiriku,

Muuza chai ana mbio kuliko wewe. Karatasi hii ni ya kukatia mitindo, sikupata nyingine, na anayekupa ni wifi yako, kwa hiyo usijifanye haikufika.

Nimekuja mwenyewe, kwa barabara yote ya mawe, sijasukumwa na mtu. Niko hapa chini, mbele ya ngazi. Watu wameanza kunizunguka na jua linanichoma kipara.

Siwezi kupanda. Shuka wewe.

Kaka